Magurudumu ya Trela la Cheri

14 Novemba

Cheri za upande wa kilimani zimeanza kushika rangi. Baba naye ameanza kunoa ulimi, kama kila mwaka wakati huu.

Leo mchana tulikuwa na mgeni, Brendan Quilty, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, yule anayenunua kila shamba linalougua. Baba alisubiri nimalize kugawa nyama ya kondoo, ndipo akaanza.

"Brendan, unajua daktari kaninyang'anya leseni kwa ajili ya haya macho. Aliyebaki wa kuvuta trela ni huyu." Akaninyooshea uma. "Mwaka juzi alijaribu kurudi nyuma nalo, akaangusha tangi la maji. Trela likaenda huku, yeye kule, mbwa akahamia kwako."

Quilty alicheka kidogo. Mimi nikamwongezea Baba viazi, maana nilidhani mdomo ukijaa utanyamaza.

Haukunyamaza. "Haya, Rae, tuwekeane sharti. Kila Ijumaa, kuanzia mwisho wa mwezi huu mpaka Krismasi, utapeleka cheri Canberra, ukauze mwenyewe kando ya barabara kama nilivyofanya mimi maisha yangu yote. Usikose Ijumaa hata moja, na mzigo usirudi nyumbani. Ukiweza, shamba ni lako. Ukishindwa, namuuzia Brendan, nami nahamia mjini nikapumzike."

Nikamwuliza kama anatania.

"Lini nilikudanganya?"

Kwa kweli, sikumbuki. Baba ni mchungu kama shubiri, lakini si mwongo. Nina miaka hamsini na miwili na ujana wangu wote umeishia kwenye miti hii, kwa hiyo nilimpa mkono pale pale mezani. Quilty aliinamia sahani yake. Fisi yule, nadhani alikuwa akihesabu miti kichwani.

15 Novemba

Nimefanya mazoezi ya kurudi nyuma na trela. Tangi limesimama. Mbwa yupo.

18 Novemba

Nimekagua magurudumu ya trela. Ukiyatazama kwa juu utayasifu: kashata, yaani meno ya tairi, nene, kama hayajawahi kugusa lami. Lakini nilipiga magoti nikaona ubavuni tairi zima limepasuka nyufa ndogo ndogo, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Baba akasema nyufa hizo alikuwa nazo hata marehemu Mama na hakuna aliyembadilisha.

Nikayang'oa, nikayatupia nyuma ya pikapu, nikaenda mjini kwa Trev Malouf anayeuza matairi. Trev ana maswali kuliko polisi. Unabeba nini? Kilo ngapi ukijaza? Unakwenda mpaka wapi? Kuna joto kiasi gani? Trela linalala bandani au nje?

"Nimekuja kununua tairi, Trev, sikuja kuposwa," nikamwambia.

"Ndiyo maana nauliza, dada. Angekuwa mchumba ningekuacha ukosee." Akaweka kidole ubavuni mwa tairi la Baba, kwenye namba nne zilizoandikwa ndani ya kiduara. "Soma hapo. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 2005."

"Lakini kashata nzima kabisa."

"Nzima kwa sababu halitembei. Mwaka mzima linakaa uani linachomwa jua, na jua ndilo linalokula mpira. Ukilijaza cheri ukashuka nalo mlima siku ya joto, linajivua ngozi kama nyoka."

Nilijua ananitisha ili nitoe pesa. Akanionyesha ya mitumba, nayo yana kashata nzuri; nikasoma namba, yalikuwa na umri wa kuolewa. Akanionyesha mapya ya gari dogo, bei yake inatabasamu. Nikamwuliza tofauti. Akasema ya gari dogo yana ubavu mwembamba, trela likiyumba na mzigo yanakunjamana. Ya tatu yalikuwa yale mazito, ya pikapu za mizigo. Nilizunguka duka lile mpaka Trev akaenda kunywa chai yake. Mwisho nikachukua mazito mawili pamoja na rimu mpya, maana rimu za Baba zimeliwa na kutu. Nililipa kwa pesa ya ndama wangu. Trev ni mjanja, lakini nimeona ni heri kuibiwa na mtu kuliko kuibiwa na barabara.

"Na usiliazimishe trela ovyo," akaniambia nikiondoka.

Nilimcheka. Huku kwetu ukimnyima mtu trela ni kama umemnyima maji ya kunywa.

19 Novemba

Baba kawaita wavunaji wote waje kutazama. "Kondoo mzee kavishwa viatu vya harusi!" Walicheka mpaka wale wasiojua lugha yetu. Magurudumu ya zamani amenikataza kuyatupa. Ameyaegemeza nyuma ya banda.

25 Novemba

Mvua.

26 Novemba

Mvua tena. Cheri ikinywa maji inapasuka ngozi, na iliyopasuka hakuna anayeinunua. Alfajiri helikopta ya kukodi ya Quilty ilikuja kupiga upepo miti yake ikauke. Ilipomaliza kwake ikavuka uzio, ikapiga na ya kwetu mstari kwa mstari, na wala hatukumwomba.

"Anajipendekeza," akasema Baba.

Mimi naona analinda mali anayoitolea mate. Namchukia mtu huyu hata akinitendea wema.

29 Novemba

Ijumaa ya kwanza. Niliegesha chini ya mikaratusi, kwenye barabara ya kuingilia Canberra, nikaweka ubao wangu. Akina mama walionja kwanza, wakasema ni chachu kidogo, wakanunua maboksi mawili mawili. Kabla jua halijageuka sina hata kikonyo.

Baba: "Ijumaa ya kwanza hata mjinga huuza."

6 Desemba

Ijumaa ya pili. Joto la kukaanga yai kwenye boneti. Chini ya mlima nilisimama nikagusa matairi kwa kiganja, nayo yalikuwa ya vuguvugu tu. Nimeuza yote.

Baba alizunguka trela mara mbili na fimbo yake, akaenda kulala.

13 Desemba

Ijumaa ya tatu. Nimeuza yote. Niliporudi nilirudisha trela nyuma hadi ndani ya banda kwa mkupuo mmoja, bila kurekebisha. Baba alikuwa barazani anatazama. Akaingia ndani akafunga mlango.

Imebaki Ijumaa moja. Nina furaha, na naiandika hapa kwa sababu nyumba hii haina wa kumwambia.

18 Desemba

Nimetoka kuchambua cheri nikakuta trela halipo. Baadaye nikamwona Baba anakuja na trekta kwa njia ya ndani ya mashamba, akilivuta. Limefagiwa safi, na katikati imekaa katoni ya bia baridi.

"Brendan aliliazima, alikuwa na mbao za kuhamisha," akasema. "Hiyo bia ni shukrani."

Ndivyo desturi ilivyo: unarudisha trela la mtu limefagiwa, na kitu kidogo juu yake. Mvua za jana zimefanya matope, magurudumu yote yalikuwa yamepakwa udongo hadi kwenye nati. Nikainama nitazame.

"Rae! Unataka kukagua trela lililotoka kwa jirani? Kwa hiyo Brendan ni mwizi? Mtu aliyebeba jeneza la mama yako?"

Nikainuka kwa aibu. Ni kweli, mtu mwenye adabu hakagui. Ukikuta limeharibika siku nyingine, unanyamaza na unatengeneza mwenyewe.

Jioni tulikaa barazani tukanywa bia ya Quilty. Nilikunywa mbili. Baba aliniita "binti yangu" na akanikatia kipande cha nyama kwa mkono wake. Miaka mingapi sijasikia neno hilo! Nimelala nikiwaza labda uzee umemlainisha.

20 Desemba

Sijafa. Nitaandika kesho.

21 Desemba

Jana nilipakia kabla hakujapambazuka, mzigo mkubwa kuliko wote, maana wiki ya Krismasi hata bahili hununua cheri. Nilikwenda vizuri mpaka mteremko mrefu wa kabla ya mji wa Yass. Pale nilisikia kitu kinapiga chini, kama mtu anakung'uta zulia. Kwenye kioo nikaona mkanda mweusi wa mpira unarukia nyuma. Halafu mlio, na trela likashika pikapu kiunoni likaanza kuitikisa kushoto na kulia. Nyuma yangu lilikuwepo lori la ng'ombe. Honi yake bado naisikia. Sikukanyaga breki, kwa sababu Baba mwenyewe alinifundisha hivyo nikiwa msichana. Niliachia tu mguu nikaomba. Pikapu ikageuka ikatazama ilikotoka, ikatumbukia mtaroni, na lori likapita karibu kiasi kwamba lilichukua kioo changu cha pembeni.

Maboksi yalitapakaa lami nzima. Magari yakapita juu ya cheri. Dereva wa lori alisimama, akarudi kwa miguu mbio, akanikuta nimekaa kwenye nyasi, damu ya paji la uso inanitiririkia mdomoni. Alidhani ni juisi. Yule bwana alinishika mkono mpaka gari la wagonjwa likaja, na jina lake sikumwuliza.

Nilikataa kupanda mpaka nilitazame trela. Gurudumu la kushoto lilibaki rimu tupu, na rimu yenyewe ilikuwa na kutu. Nikasimama hapo nikaitazama ile kutu. Nikazunguka kulia, nikafuta udongo kwa shati langu, nikasoma ubavuni. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 2005.

Nimeshonwa nyuzi sita na mbavu zinauma nikipumua. Ijumaa ya nne nimeikosa.

Nilipofika nyumbani Baba alinitazama bendeji akasema, "Pole. Lakini sharti ni sharti."

Kichwani nilikuwa na mtu mmoja tu, Quilty. Aliazima trela, akang'oa magurudumu yangu, akanifungia yale mabovu ili shamba lianguke mikononi mwake. Kesho nitamwendea.

22 Desemba

Nilimkuta Quilty katikati ya wavunaji wake. Nikamwita mwizi, nikamwita muuaji, na mengine nisiyoweza kuyaandika siku ya Jumapili. Watu wote wakaacha kuvuna. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

"Rae, mimi sijaazima trela lenu."

"Jumatano! Ukalirudisha na bia!"

"Jumatano baba yako alilileta hapa na trekta, magurudumu ya zamani yakiwa juu. Akaomba jeki na kijana wa kumsaidia nati, kwa kuwa mikono yake haina nguvu. Alisema wewe ndiye uliyemtuma. Alisema yale mapya unayatunza."

Akanipeleka bandani kwake. Magurudumu yangu mawili yalikuwa pembeni, yamefunikwa magunia, yamepangwa vizuri.

"Na bia?" nikauliza.

Hapo Quilty akavua kofia. "Bia nilimpa mimi. Ilikuwa ya shamba. Siku hiyo tulimalizia karatasi za mwisho."

"Karatasi za nini? Sharti lilikuwa mpaka Krismasi."

"Rae. Baba yako aliniuzia shamba mwezi wa nane. Aliomba avune mavuno ya mwisho kwanza. Nilidhani unajua. Siku ile ya chakula alipokuwekea sharti mbele yangu nilidhani ni utani wenu wa nyumbani, nikakosa pa kuweka uso."

Mwezi wa nane! Mwezi wa nane nilikuwa juu ya ngazi, napogoa miti iliyokwisha kuwa ya Quilty, kwa baridi na vidole vimekufa ganzi. Nilikunywa bia mbili kusherehekea kuuzwa kwangu, na nikasema asante.

Quilty alibeba magurudumu akayaweka kwenye pikapu aliyoniazima. Nilijaribu kumwomba radhi kwa kumwita mwizi, machozi yakanitangulia. Akasema niache, kila mtu angefikiri hivyo.

Baba nilimkuta anakula.

"Uliuza mwezi wa nane," nikamwambia.

Akamaliza kutafuna. "Sasa nani angechuma? Ungejua, ungechuma?"

"Na magurudumu?"

"Ulikuwa unakaribia kushinda." Alisema hivyo bila haya, kama anayeniambia saa. "Ungeshinda ningekwambia nini? Nilitaka shamba liwe limepotea kwa kushindwa kwako, siyo kwa kuuza kwangu. Watu wangesema mimi, Neville, nilimpa binti yangu nafasi na binti akaichezea. Nilidhani litatoa pumzi hapo getini tu, likucheleweshe."

"Halikutoa pumzi getini. Lilipasuka mlimani, na lori nyuma yangu. Ningekufa, Baba."

"Kwani umekufa?"

Akachukua mkate mwingine akaupaka siagi mpaka pembeni.

25 Desemba

Nimepika. Amekula. Amesema nyama imekauka.

2 Januari

Habari imeenea. Kijana aliyefungua nati amesimulia baa, na dereva wa lori kumbe ni shemeji wa mtu. Trev Malouf amenipigia simu kuniuliza hali ya mbavu. Alipomaliza akanieleza jinsi ya kukaza nati tena baada ya safari ya kwanza. Mtu niliyemwita mjanja. Ameniambia kuna kazi Batlow, kwenye banda la kufunga matufaha, na chumba cha kulala kipo. Nimekubali.

9 Januari

Quilty anaingia wiki ijayo. Baba amepata nyumba ndogo mjini, vyumba viwili vya wazee. Amepiga simu nyumba kwa nyumba akitafuta mtu mwenye gari na trela wa kumhamishia vyombo. Nilikuwa naosha vyombo, nasikia upande wake.

"Limeazimwa? Basi haya."

"Lako nalo limeazimwa? Na nani?"

Wilaya nzima matrela yameazimwa, na hakuna aliyeyaazima. Sikuwahi kusikia mtu akijibiwa hivyo. Alipomaliza akageuka kwangu, akasema itabidi mimi nimvute kwa pikapu yangu, ile iliyotoka kunyooshwa. Trela nalo liko sawa, nimelifungia magurudumu yangu mapya.

"Nitakupakilia," nikamwambia.

13 Januari

Nilimpakilia kila kitu kwa mikono yangu: kitanda, friji, kabati la sahani, televisheni, sanduku la nguo. Juu kabisa kiti chake cha mikono, kwa sababu alitaka aketi pale aniamrishe. Nilimsaidia kupanda. Alikaa kama mfalme, akaninyooshea fimbo nifunge kamba hapa, nikaze pale. Alikuwa na furaha. Akasema nimejifunza kupakia mwishowe.

Nikaleta jeki na matofali.

"Unakagua?"

"Nakagua."

Niliinua upande wa kushoto nikafungua nati, nikaweka matofali chini ya ekseli. Kisha upande wa kulia. Alianza kuelewa nilipokuwa nalibeba la pili kwenda nalo kwenye pikapu.

"Rae! Unafanya nini? Hilo trela ni langu!"

"Ni lako, Baba. Limebaki lote. Haya magurudumu ni ya ndama wangu."

"Na vyombo vyangu? Brendan anaingia kesho!"

"Yale yako ya zamani yako nyuma ya banda. Moja limepasuka, lakini hilo jingine kashata zake nzima kabisa. Wewe mwenyewe ulisema halina neno."

Alianza kunitukana, matusi yale yale ya siku zote. Baadaye akaacha, akaniita binti yangu. Alijaribu kushuka lakini mguu haukufikia chini, akarudi kukaa. Nilimwekea chupa ya maji na simu yake karibu ya mkono, ili ampigie mtu yeyote atakayempokea. Nilisikia raha, raha ya kweli kifuani pale pale panapouma, na sitaandika kwamba niliona huruma.

Nikawasha pikapu nikashika njia ya Batlow. Nilipofika njia panda ya barabara kuu matone makubwa yalianza kupiga kioo. Upande wa shamba wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi. Turubai la kufunikia mzigo lilikuwa kwangu, chini ya yale magurudumu. Sikurudi.